Kwa Nini Sikuchora Taji

Vijana wa klabu ya sataranji ya mtaani kwetu, hapa Mabatini, Mwanza, walikuja kunitaka niwachoree nembo. Klabu yao ilizaliwa ndani ya madrasa. Ustadh aliona watoto wakimaliza darasa la jioni wanaishia vijiweni, akaleta ubao mmoja wa chesi, wakaugombania, akaongeza mwingine, na leo wanapanda daladala kwenda kucheza na wenzao wa Igoma na Pasiansi. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa na karatasi yenye maelekezo yote: katikati mfalme wa sataranji mwenye taji la rangi ya dhahabu, juu yake hilali na nyota, chini kitabu kilichofunguliwa, kushoto na kulia matawi ya mitende, na maneno Akili, Imani, Uongozi yakizunguka ukingoni. Mmoja wao alikuwa ameongeza mizani kwa penseli, nadhani bila ruhusa ya wenzake.

Mimi naishi kwa kazi hii. Naandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni, mabango ya saluni na maduka ya dawa, mihuri ya vikoba. Nembo zinazotoka kwenye kamati nazifahamu: kila mjumbe ametia chake, mchoraji anakabidhiwa gunia. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja huwa la muhuri. Nembo yako itabidi ikae kwenye muhuri wa duara, mkubwa kidogo tu kuliko kizibo cha soda, kwa wino wa bluu, chini ya barua ya kuomba ukumbi. Humo mtende unageuka doa na mizani inageuka msalaba. Ustadh alishtuka niliposema hilo la msalaba. Mizani ikafutwa pale pale.

Taji ndilo lililonifanya niiweke karatasi ile pembeni kwa muda bila kuigusa.

Vijana wa Kiislamu wanaosema wanajifunza uongozi, na katikati ya nembo yao amesimama mfalme. Hebu tuitazame kazi ya huyo mfalme ubaoni. Anasogea hatua moja moja. Mchezo ukianza tu, jambo la mwanzo ambalo mwalimu yeyote atakufundisha ni kumficha: anasogezwa hatua mbili kuelekea pembeni, ngome inamruka na kusimama upande wake wa pili, askari watatu wanabaki mbele yake wamempa mgongo. Hapo ndipo atakapokaa wakati wengine wanakufa. Farasi atatolewa mhanga, malkia akibidi atatolewa mhanga, askari watakwisha mmoja mmoja, na hakuna wa kulalamika kwa sababu sheria ndivyo ilivyo: wote wanalika, mfalme haliwi. Kwa mchezo, hilo ni jambo tamu sana. Kwa picha ya uongozi, viongozi wa namna hiyo tumeshawaona wa kutosha.

Sasa iweke kando yake habari ambayo watoto hawa hawa wameisoma kwenye sira, yaani historia ya maisha ya Mtume. Mwaka wa 5 Hijria, Madina inakaribia kuzingirwa. Salman al-Farsi, mtu wa Uajemi asiye na ukoo wowote mjini pale, anatoa wazo la kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani. Wazo lake linachukuliwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, anashika kazi pamoja na watu, anabeba udongo mpaka vumbi linafunika ngozi ya tumbo lake. Baadaye Abu Bakr alipopewa ukhalifa, maneno yake ya kwanza kwa watu yalikuwa kwamba ametawalishwa juu yao na yeye si mbora wao. Akifanya vizuri wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Huyu utamvisha taji gani?

Niliwaambia hivyo. Wengi walinyamaza kwa adabu. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ndiye bingwa wao na anajua kuwa ndiye bingwa wao, hakunyamaza.

"Kaka, wewe unamjua mfalme wa mwanzo tu. Mwishoni, malkia wakishatoka ubaoni, mfalme ndiye anayeingia kupigana. Ukimwacha nyumbani umepoteza."

Kweli kabisa, na kocha yeyote atamuunga mkono. Nikamwambia kwamba anayeiona fulana yake ndani ya daladala hajui mwisho wa mchezo wala mwanzo wake, anaona taji.

"Basi afundishwe," akasema.

Sikuwa na jibu la hapo kwa hapo, na ndiyo maana nikaanza kusoma. Mchezo ulitoka India, karibu karne ya 6, ukapita Uajemi, na Waislamu wakaupokea Uajemi ilipoingia mikononi mwao katika karne ya 7. Baghdad ndiko ulikopata wataalamu wake wakubwa wa zamani. Al-Adli aliandika kitabu chake katika karne ya 9. Baada yake akaja as-Suli, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 900 alimshinda al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi, ingawa khalifa mwenyewe alikuwa akimshabikia al-Mawardi waziwazi. As-Suli huyo aliacha fumbo moja la ubaoni ambalo halikufumbuliwa mpaka miaka ya 1980, alipolifumbua bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh. Miaka elfu na ushee watu wanakuna vichwa.

Kilichonikamata ni sheria zao. Hapakuwa na malkia; pembeni ya mfalme alikaa waziri, naye alisogea hatua moja tu kwa mshazari. Mahali pa askofu alikuwepo tembo, anayeruka hadi mraba wa pili kwa mshazari na hafiki popote pengine, hivyo katika maisha yake yote ubaoni anaweza kugusa miraba minane tu kati ya 64. Mfalme hakuwa na ile ruhusa ya kukimbilia nyuma ya ngome kwa zamu moja. Hiyo ilibuniwa Ulaya karne nyingi baadaye, takriban wakati ule ule malkia alipopewa nguvu zake za leo, mwishoni mwa karne ya 15. Katika mchezo wa Baghdad mfalme akitaka usalama anautembelea kwa miguu yake, hatua kwa hatua, kama raia.

Na ipo sheria moja ambayo nilipoisoma niliinuka kwenye kiti. Ukifanikiwa kuwala watu wote wa mwenzako, akabaki mfalme peke yake, umeshinda. Huhitaji kumkimbiza mpaka kona. Huhitaji hata kumtishia. Ana nafasi moja tu ya kujiokoa, nayo ni kama kwa zamu yake anaweza kukuacha wewe nawe mtupu hivyo hivyo. Hapo mnatoka sare. Vinginevyo mchezo umekwisha, ingawa yeye mwenyewe amesimama mzima, hajaguswa, taji liko kichwani.

Sheria za leo zimeiondoa hiyo. Leo mfalme aliyebaki peke yake anaweza kuzungushwa ubaoni hatua nyingi, akapata sare mwenzake akizembea, na akaondoka anajisifu. Watu wa Baghdad hawakumpa heshima hiyo. Kwao, mfalme ambaye watu wake wamekwisha hana tena kitu cha kutawala, na mchezo hauendelei kwa ajili ya kofia.

Nilimpelekea binti bingwa habari hii nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akaisoma kwenye simu yangu mpaka mwisho, akainua macho.

"Kwa hiyo ubaoni kwenu hapakuwa na mwanamke hata mmoja."

Hapakuwa, dada. Waziri, tembo, farasi, magari ya vita (ndiyo ruk, ngome za leo), askari, wote wanaume, na hiyo ni sifa ya majeshi ya zamani ambayo sina namna ya kuipamba. Yeye shujaa wake ni Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, Kampala, huko ng'ambo ya ziwa hili hili, aliyejifunza mchezo akiwa mtoto wa mtaa wa wasiojiweza na mwaka 2012 akarudi na cheo cha kimataifa kutoka Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul. Binti yetu humtaja kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Nikamuuliza: Phiona kwenye ubao wa maisha alianza kama nani? Akafikiri kidogo. "Askari," akasema, kwa kunung'unika.

Askari, basi. Wengine humwita kitunda. Nilikuwa nimekwisha kumtamani kwa ajili ya nembo, kwa sababu ambayo ni ya sheria zile zile za kale. Kila mtu anajua kwamba askari akivuka ubao wote anapandishwa cheo. Leo anageuzwa malkia, mwenye nguvu kuliko wote, na ndiyo maana kila askari wa leo anakwenda mbele kwa tamaa. Kule Baghdad alipandishwa kuwa kitu kimoja tu: waziri. Yaani baada ya safari nzima, baada ya kunusurika na farasi na magari ya vita, tuzo yake ilikuwa kukaa karibu na mfalme na kusogea hatua moja moja kwa mshazari. Nguvu aliyoongezewa ilikuwa ndogo sana, tena hata kwenda mbele moja kwa moja alikuwa hawezi tena. Alichopewa ni nafasi ya mshauri.

Hapo ndipo niliposema, nembo tumeipata. Sura ya 42 ya Qur'ani inaitwa Ash-Shura, na aya yake ya 38 inawasifu waumini kwamba mambo yao ni kushauriana baina yao. Imewataja pamoja na wanaosimamisha swala na wanaotoa katika walichoruzukiwa, kana kwamba kushauriana ni ibada ya safu moja na hizo. Mtoto anayeanza mstari wa pili ubaoni na kufika wa nane ili atoe shauri, huyo ni uongozi ninaoweza kuuchora kwa mkono usiotetemeka.

Si wote waliokubali. Kuna aliyesema askari ni tusi. Hakukosea kihistoria. At-Tabari anasimulia kwamba Nikephoros alipochukua ufalme wa Rum, yaani Bizanti, mwaka 802, alimwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kwamba malkia aliyemtangulia, Irene, alikuwa amempa khalifa nafasi ya ruk na kujiweka mwenyewe nafasi ya askari, ndiyo maana akawa analipa kodi. Sasa fedha zirudishwe. Harun alijibu kwa matusi mgongoni mwa barua ile ile, kisha akajibu kwa jeshi. Kwa wakubwa wale, askari alikuwa mtu wa kulipishwa. Ila mimi sikuombwa nembo na Harun ar-Rashid.

Nikawaonyesha pia Nembo ya Taifa, ile ya bwana na bibi. Itazameni, nikasema, mfalme yuko wapi? Kuna mwenge, mkuki, shoka, jembe, mawimbi ya maji, mlima, na watu wawili wa kawaida wamesimama, na miguuni pao kuna karafuu na pamba. Pamba yenyewe hii ya kwetu Kanda ya Ziwa, ambayo wakulima wake miaka ya 1950 waliunda vyama vyao vya ushirika kwa kuchoshwa na mizani ya wanunuzi. Yule kijana wa mizani akasema, "Mnaona?" Tulimwonea huruma, lakini mizani haikurudi.

Likabaki swali la umbo, na hapa mchoraji anapata raha yake. Ustadh alikuwa na wasiwasi na farasi hasa, maana farasi wa chesi ya dukani ana kichwa, macho, masikio na hata manyoya ya shingo, na nembo yenye kiumbe chenye uso ingeleta maneno msikitini. Mafundi wa zamani walishakutana na wasiwasi huo. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yana seti ya sataranji ya karne ya 12 kutoka Nishapur, Iran, ya udongo uliotiwa rangi na kung'arishwa. Haina uso hata mmoja. Mfalme ni kiti cha enzi kilichorahisishwa, waziri ni kiti hicho hicho kikiwa kidogo zaidi, tembo ni kipande cha mviringo chenye vinundu viwili juu mahali pa pembe, farasi ana kinundu kimoja kinachochomoza mbele, ruk ina mpasuko katikati ya kichwa, askari ni kikuba, yaani kuba dogo, chenye pande. Watu wa Ulaya walipoupata mchezo, inasemekana waliviangalia vile vinundu viwili vya tembo wakaona kofia ya askofu. Hivyo ndivyo Waislamu wa Mabatini wanavyojikuta jioni baada ya Magharibi wanasukuma askofu, na hakuna anayeona ajabu.

Askari wa Nishapur, kile kikuba, ukimchora kwa mstari mmoja anasomeka kwenye muhuri. Anafanana na kuba la msikiti bila kulazimishwa. Pia si mwanamume wala mwanamke, nikamwonyesha bingwa wetu, akasema afadhali.

Nembo nzuri imekaa kama kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Askari ndiye mji. Kwa pindo nilitumia miraba miwili iliyolaliana, mmoja umegeuzwa, ikatoka nyota ya pembe nane, umbo ambalo mafundi wa Kiislamu wameliweka kwenye milango, vigae na kurasa za misahafu kwa karne nyingi. Pembe nane, na ubao ni miraba nane kwa nane. Miraba myeusi na myeupe sikuichora. Ubao wa sataranji ya zamani haukuwa na madoa hayo, ulikuwa na mistari tu juu ya kitambaa, na kuchapa rangi moja kwenye fulana ni nafuu kuliko rangi mbili. Wanakamati waliposikia bei, hoja ya historia ilipita haraka sana.

Hilali ilitupa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Nilitaka kuitoa. Bendera za wakati wa Mtume zinasimuliwa kuwa kitambaa cheusi na kitambaa cheupe, na hilali kama alama ya dola imeenezwa zaidi na Waturuki wa Uthmaniya. Lakini wakati huo huo mzee mmoja wa msikitini alikuwa ameanza kuuliza kwa sauti kama chesi yenyewe ni halali. Swali lake ni la zamani kuliko Mwanza. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali alipita penye watu wanaocheza akawauliza, kwa maneno ya Nabii Ibrahim, ni masanamu gani haya mnayoyakalia. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine waliukataza. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu Tanzania tunafuata madhehebu yake, aliuchukia bila kuuharamisha, alimradi usiwe na kamari, usimpitishe mtu wakati wa swala, na usimtoe maneno machafu kinywani. Mpaka leo mambo hayajatulia: Iran iliuruhusu tena mwaka 1988, Januari 2016 zilienea habari za Mufti Mkuu wa Saudia kuukemea kwa kupoteza muda na kuleta uadui, na Desemba 2017 Riyadh ikaandaa mashindano ya dunia ya mchezo wa kasi.

Ustadh alimjibu mzee kwa upole. "Shehe wangu, sisi ubao unafungwa adhana ikianza. Hata kama mtu amebakiza hatua moja kushinda."

Kumbe ni kweli. Wana sheria hiyo, na saa ya mchezo inasimamishwa. Basi nikairudisha hilali kwa sababu nyingine kabisa. Qur'ani, katika Al-Baqara aya ya 189, watu wanapouliza habari za miezi miandamo wanajibiwa kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kwa hiyo hilali yetu ni saa. Nimeiweka juu ya kikuba cha askari, nyembamba, na kazi yake ni kumkumbusha mchezaji yale masharti ya Shafii. Nyota haikuwekwa, maana pindo lote tayari ni nyota. Kitabu kimetoka. Mitende imetoka, Mwanza hatuna mitende ya kujivunia. Walitaka jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani, nikawaambia liko kwenye kila kalenda na kila kopo la maji mjini hapa, lipumzike. Tulikubaliana kwamba kitako cha askari kiwe mawe mawili yaliyobebana. Wa Mwanza atayatambua, na mgeni ataona kitako tu.

Jina, yaani maneno, ndilo lililokuwa na mvutano wa mwisho. Vijana walitaka ile aya ya Ash-Shura kwa hati nzuri ya Kiarabu kifuani mwa fulana. Ustadh akakataa: fulana inaingia chooni, inaloweshwa na soksi, kesho inadekia sakafu. Aya itaandikwa kwenye bango la ukutani peke yake, nami nimeshaichora kwa penseli, nasubiri aikague herufi moja moja kabla sijatia rangi. Kwenye fulana na muhuri litakaa neno moja la Kiswahili, Tushauriane. Bingwa wetu analiona refu mno kwa muhuri. Nimempimia na limetosha, lakini amesema ataleta hoja kwenye kikao cha Jumapili, na mpaka kikao hicho kiishe hakuna fulana inayochapwa.